Dada, Wenzangu Wote Wanayo

Haya wadogo zangu, sogeeni. Safari hii maswali mawili yamenifika kutoka kata moja, Nyanungu, kule Tarime mkoani Mara, upande ambao mashamba ya mahindi na mihogo yanakwenda kukomea kwenye mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Waliouliza sidhani kama wanajuana. Mmoja anauliza habari za kitenge, mwingine anauliza habari za Desemba. Nimeamua kuyajibu kwa pamoja, na mtaniwia radhi nikizunguka kidogo kabla ya kufika, maana dada yenu bila kuzunguka hajui kuzungumza.

Wa kitenge ni fundi cherehani. Anasema: "Rafiki yetu ana sendofu. Tumepangiwa sare, kitenge cha rangi ya haradali. Dada, ile rangi siipendi, hainikubali, na hela sina. Mama anasema niuze kuku wawili wanaotaga. Lakini nikikosa sare najijua, sitaenda kabisa. Kwa nini nakitaka kitu nisichokipenda?"

Wa Desemba ni mwanafunzi. Yeye ameandika kwa kifupi: "Wenzangu wote wanasema mwaka huu wanaenda. Mimi sitaki. Lakini kubaki peke yangu nako sitaki."

Kwa mlio mbali na Mara: Desemba, shule zikishafungwa, ndio msimu wa tohara kwa koo nyingi za Wakurya, hasa katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Wanakwenda wavulana, na ingawa sheria imekataza, wanapelekwa pia wasichana. Huko ndiko wenzake wanakosema "wanaenda".

Tuanze na jepesi.

Ukitaka kumnyamazisha mzazi anayelalamika kwamba vijana wa siku hizi mnaiga sana, muombe albamu ya picha. Utamkuta amesimama studio mbele ya pazia lenye picha ya maua, nywele amezitunisha afro, suruali ya bugaluu inafagia sakafu, chini kavaa raizoni zilizomwongezea kimo cha bure. Pembeni yake wapo rafiki zake wawili, afro ileile, bugaluu ileile, hata mkono kiunoni umewekwa vilevile. Huyo ndiye anayekuambia wewe ni bendera hufuata upepo.

Na wao waliambiwa hivyohivyo, tena kwa ukali kuliko nyinyi. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia tarehe 1 Januari 1969 ikawa marufuku Dar es Salaam kuvaa minisketi, wigi na suruali za kubana, au kupaka dawa za kujichubua. Wasichana walikamatwa na kuzomewa mitaani kwa sababu ya urefu wa sketi. Zanzibar nako Serikali ilipambana na bugaluu na vimini. Muda mfupi kabla ya hapo, kule Umasaini, wanaume walikuwa wakisukumwa waache shuka na rangi nyekundu ya mwilini wavae suruali, eti ndio maendeleo. Angalieni leo. Wigi zimejaa saluni mpaka za vijijini, na ile shuka iliyoitwa ushamba inauzwa kwa watalii kila duka la zawadi kuanzia Arusha hadi Nairobi. Kilichonichekesha siku zote katika habari ya Operesheni Vijana ni kwamba vijana waliotumwa kuwakamata wenzao kwa kosa la kuiga Ulaya walikuwa na mashati yao ya sare, na wao pia walitembea kwa makundi.

Baada ya bugaluu zikaja nyingine. Mnakumbuka kata K, suruali imening'inia nusu makalio, mwenye nayo anatembea ameishika kwa mkono mmoja kama mtu aliyechelewa choo? Ikaja modo, ya kubana mpaka kuivua inahitaji msaidizi. Sasa bwanga zimerudi, pana zilezile za baba zenu. Fundi cherehani aliyeshinda miaka akipunguza suruali za watu sasa analetewa azipanue.

Lakini mahali ninapopenda kuwatazama binadamu ni mnadani, belo la mitumba linapofunguliwa. Nendeni siku moja mkiwa hamna haja ya kununua, mkasimame tu pembeni. Muuzaji anakata kamba, mzigo unafumuka na ile harufu yake ya dawa, nguo zinamwagwa juu ya turubai. Akina dada wanainama wote kwa pamoja. Mmoja anachomoa jinzi, anaizungusha kiuno chake shingoni kuona kama itamtosha, maana chumba cha kujaribia hakuna. Mwingine anageuza kola kutafuta lebo. Ndani ya lundo lile kuna nguo za watu wa Marekani, Ujerumani, Korea na kwingineko, na pengine hakuna mbili zinazofanana. Kama kuna mahali duniani mtu angeweza kuvaa asichovaa mtu mwingine yeyote, basi ni hapo, kwa bei ya soda mbili tatu. Na bado wale akina dada wote wanatafuta kitu kimoja, kile kilichoonekana kwenye video ya wimbo unaopigwa wiki hii. Akipata mmoja, wengine wanamuuliza muuzaji, "Kuna kama ile?"

Wao si wajinga. Kuna mwanafalsafa wa Kijerumani, Georg Simmel, aliyeandika juu ya mitindo mwaka 1904, na hoja yake naiona mnadani kila mara. Anasema mtindo unaishi kwa sababu unatupa vitu viwili vinavyogombana: kufanana na kundi letu, na kujitenga na kundi lingine. Ukivaa bwanga unakuwa mmoja wa wasichana wa sasa, papo hapo unakuwa si mmoja wa mama zako. Ndiyo maana mtindo ukishawafikia wote unakufa. Siku mama mchungaji atakapovaa bwanga, nyinyi mtakuwa mmeshahamia kwingine. Na ndiyo maana mwenye hela hutangulia. Mwenye hela za dhahabu Nyamongo au mwenye duka Sirari anavaa leo, na wa vijijini wanavaa akishachoka yeye.

Kwa hiyo fundi wangu, jibu la swali lako ni hili: rangi ya haradali huitaki. Unachotaka ni kuwamo kwenye picha. Siku ya sendofu watapiga picha wamejipanga mstari mmoja, na kwa miaka ishirini ijayo kila atakayeiangalia atajua nani walikuwa watu wa bi harusi. Hiyo si haja ndogo na sitaki mtu akucheke. Sare za vitenge zina upendo ndani yake. Msiba ukitokea, kikundi cha akina mama kikaingia uani wote kwa kitenge kimoja, mfiwa anaona kwa macho kwamba hayuko peke yake kabla mtu hajafungua mdomo kutoa pole.

Lakini kuku wanaotaga usiuze. Hilo nasema wazi, na kama mama amekereka aje kwangu. Mfuate mwenye sendofu mwenyewe, usiifuate kamati. Kamati haina huruma, kazi yake ni kukusanya. Mwambie, "Ndugu yangu, nakuja, ila sare kamili siiwezi, nitatoa kilemba tu." Kitambaa cha kilemba ni kidogo. Na wewe ni fundi! Jitolee kushona mbili za wenzako kwa malipo ya kipande chako. Rafiki wa kweli atakubali. Asipokubali, akasema picha yake itaharibika, basi umejua jambo kumhusu ambalo kitenge kingekuficha.

Naona mmeanza kutulia. Sasa nizungumzie masikio.

Kama una bibi Mkurya mwenye umri mkubwa, mtazame masikio. Katika kizazi chake ndewe ilitobolewa, ikawekewa kijiti, kikatolewa kikawekwa kikubwa zaidi, na zaidi, mpaka nyama ya sikio ikarefuka na kuning'inia ikabeba mapambo. Kuliuma, kulichukua muda, na ndio uliokuwa uzuri. Msichana mwenye sikio dogo lisilotobolewa alionekana hajakamilika, na wavulana nao walirefusha vivyo hivyo. Binti wa bibi huyo, mama yako, mara nyingi amekulia kwenye ibada. Mara ina Wasabato wengi, na Msabato wa zamani havai hereni. Sikio lake halina hata tundu la sindano, naye analionea fahari. Halafu wewe mjukuu umeenda Tarime mjini umetoboa matundu matatu kila upande, na la nne unalifikiria.

Wakae watatu hao kwenye benchi moja uwaulize mmoja mmoja: kwa nini sikio lako liko hivyo? Bibi atasema, ndivyo tulivyokuwa. Mama atasema, nimeokoka. Wewe utasema, nimependa tu. Kila mmoja ana hakika amejichagulia, na kila mmoja ana sikio linalofanana na la wenzake wa rika lake.

Kitu ninachotaka mkishike hapa ni namna mtindo wa bibi ulivyokwisha. Sijui sheria yoyote ya nchi iliyokataza Wakurya kurefusha masikio. Hakuna aliyefungwa. Zilikuja shule, makanisa, kazi za mjini, jeshi, na macho ya watu yakabadilika. Sikio refu likaanza kuchekwa pale ambapo zamani lilisifiwa, mpaka wengine wakaenda kushonesha. Ndani ya kizazi kimoja au viwili, kitu kilichokuwa alama ya mtu kukamilika kikageuka kumbukumbu kwenye masikio ya wazee. Na Wakurya wapo. Wanaimba, wanapiga litungu, wanagombea ng'ombe, wanatambiana ukoo kwa ukoo, wanaitana mura wakicheka. Hakuna aliyesema kabila limekufa kwa sababu ndewe zimefupika.

Sasa nije kwako, mwanafunzi wa Desemba.

Wanaokuandikia mabango mara nyingi hawasemi ukweli mmoja, kwamba msimu ule unavutia. Mimi nitausema kwa sababu wewe unauona na ungeniona mwongo nisiposema. Wale wanaorudi wanatembezwa barabarani wamefunikwa kanga na vitenge vipya, wameshikiwa miavuli, noti zimebanwa nguoni, mashangazi wanaimba mbele na vijana wanacheza nyuma. Msichana ambaye mwaka mzima hakununuliwa hata kandambili, siku hiyo ndiye anayetazamwa na kijiji kizima. Na wewe utakuwa umesimama kando ya njia na nguo zako za kila siku. Baadaye mtoni na kisimani utaitwa omosagane, msichana ambaye hajakatwa, utaambiwa hutapata mume, na rafiki yako wa juzi atajifanya mkubwa kwako. Anayesema "usijali watasema nini" hajawahi kuishi kijijini. Watasema, na utasikia.

Mwaka 1951 mwanasaikolojia wa Marekani, Solomon Asch, alichapisha matokeo ya jaribio ambalo naona linakuhusu wewe kuliko maprofesa. Aliwakalisha vijana wa chuo chumbani, akawaonyesha mistari, akawauliza upi unalingana na upi. Swali la mtoto wa chekechea. Lakini wote waliokuwa chumbani walikuwa wamepangwa watoe jibu la uongo kwa sauti, isipokuwa mmoja ambaye hakuambiwa kitu, naye alijibu karibu na mwisho. Katika takriban theluthi moja ya majibu yao, hao wasioambiwa walikubaliana na uongo walioweza kuuona kwa macho yao, na robo tatu yao walikubali angalau mara moja. Kwa ajili ya mistari tu! Hakukuwa na shangazi, hakukuwa na ng'ombe wa mahari, hakukuwa na wa kuwazomea mtoni. Kwa hiyo ukiona moyo unakudunda ukifikiria kusema hapana, usijione mdhaifu. Unafanya kitu kigumu kuliko walichoshindwa watu wazima.

Na Asch alipata jambo la pili ambalo nalipenda zaidi. Alipomweka chumbani mtu mwingine mmoja tu aliyesema ukweli, kukubali uongo kulishuka sana, karibu kuisha. Halikuhitajika kundi. Alitosha mwenzi mmoja.

Tofauti ya swali lako na la fundi ni hii. Sare ya haradali ataivaa siku moja, usiku ataivua, ikichakaa itakuwa kitambaa cha kufutia vumbi. Hata hereni sita za yule mjukuu, akizitoa matundu yanaanza kujiziba. Hata minisketi ya mwaka 1969, aliyejutia aliikunja akaiweka sandukuni. Kinachofanywa Desemba hakivuliwi. Kinakatwa, na wapo waliovuja damu hadi kufa, wapo waliopata maambukizi, wapo waliokuja kuteseka siku ya kujifungua miaka mingi baadaye, wakati miavuli na nyimbo zimeshasahaulika na waimbaji wako makwao.

Tena niwaambie nilichojifunza kwenye mitindo yote: kila mtindo una muuzaji. Belo lina mwenye belo. Bwanga ina mwenye kiwanda. Na Desemba ina ngariba anayelipwa kwa kichwa, ina wazee wa mila wanaopata sehemu yao, ina baba anayehesabu ng'ombe kwa sababu ameambiwa binti aliyekatwa huolewa kwa wengi zaidi. Mnapoambiwa "hii ni asili yetu", ulizeni kwa upole nani anarudi nyumbani na kitu mfukoni. Si kila anayesema hivyo ana nia mbaya. Bibi yako pengine hapati hata shilingi, yeye anaogopa tu usitengwe kama ambavyo angetengwa yeye. Huyo mheshimu. Lakini mwenye daftari la malipo mjue.

Nchi yetu imelisema hili kisheria tangu 1998. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka huo ilifanya kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa, adhabu ni kifungo kuanzia miaka 5 hadi 15, au faini, au vyote. Takwimu za afya zinaonyesha kushuka: mwaka 1996 wanawake 18 katika kila 100 nchini walikuwa wamekeketwa, 2015–16 ikawa 10, 2022 ikawa 8. Mara ilikuwa 32 mwaka 2015–16, na 2022 ikawa 28. Kunashuka, ila kwetu kunashuka kwa kusuasua, na mimi nadhani najua sababu. Ukikaa na akina mama faraghani, wengi watakuambia hawautaki ukeketaji tena. Halafu wanaongeza: "Lakini nikimzuia wangu peke yangu, nani atamuoa?" Kila nyumba inamsubiri jirani aanze. Jirani naye anachungulia dirishani.

Wachina walikuwa na kisa kinachofanana na hiki mpaka mtu anashangaa. Kwa karne nyingi wasichana wao walifungwa miguu na vitambaa tangu wadogo, mifupa ikavunjika na kujikunja, ili mguu ubaki mdogo kama kiganja. Ulikuwa urembo, ulikuwa heshima, na bila huo hupati mume wa maana. Mfalme Kangxi alipiga marufuku mwaka 1664, baada ya miaka michache amri ikaondolewa, watu wakaendelea. Kilichokuja kuwaokoa mabinti ni vyama vya kupinga desturi hiyo. Mwishoni mwa karne ya 19, katika vyama kama kile kilichoanzishwa Shanghai mwaka 1895, familia zilijiunga na kuahidi mambo mawili mbele ya wenzao: sitamfunga miguu binti yangu, na mwanangu wa kiume hataoa aliyefungwa. Mnaiona akili hiyo? Ahadi ya pili ndiyo ilimjibu yule mama anayeuliza nani atamuoa. Ikaja na marufuku ya serikali mpya mwaka 1912, na desturi iliyodumu mamia ya miaka ikaporomoka katika kipindi cha kizazi kimoja hivi sehemu nyingi za nchi ile. Ilishikiliwa na macho ya majirani, na macho ya majirani ndiyo yaliyoiachia.

Ndiyo maana kaka zangu mnaosoma hapa mmejificha nyuma ya dada zenu, neno langu ni lenu pia. Nyinyi ndio mnaotajwa kama sababu. Inasemekana hamtaki kuoa ambaye hajakatwa. Kama si kweli, kunyamaza kwenu kunawagharimu dada zenu damu. Kijana mmoja akisema kijiweni, mchana, mbele ya wenzake, "Mimi nitaoa nimpendaye, na sitaki akatwe," ameshusha bei ya ngariba kuliko semina kumi za mjini. Msiniambie mnaogopa kuchekwa. Mlivaa kata K.

Na akina mama na baba: ukiamua wako haendi, usiamue kimyakimya. Liseme kanisani, liseme kwenye kikao cha wazazi shuleni, liseme kwa shemeji. Uamuzi wa siri haumsaidii jirani anayekusubiri.

Rudi kwangu, mdogo wangu wa Desemba. Uliuliza kama mtu anayeuliza njia, nami nakujibu hivyohivyo.

Kwanza mtafute mmoja. Katika hao "wote" wanaosema wanaenda, nakuhakikishia yupo anayesema hivyo kwa sababu amekuona wewe umenyamaza. Ongea na mmojammoja, usiongee na kundi. Pili, usisubiri shule ifungwe. Mwambie mwalimu unayemwamini mapema, Oktoba au Novemba, akiwa bado anaweza kuzungumza na wazazi kwa utulivu. Baba akikataa kusikia, yupo mtendaji wa kijiji, lipo Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Tatu, ujue kwamba kuna mahali pa kwenda. Masanga, hukohuko Tarime, kuna kituo kinachopokea wasichana msimu ule, na wanahitimu kuwa wakubwa kwa mafunzo, nyimbo na sherehe, bila kisu. Nilipenda hilo la sherehe, kwa sababu waliofikiria walielewa kwamba msichana ana haki ya siku yake ya kutazamwa. Mugumu, wilayani Serengeti, kuna nyumba salama inayoongozwa na Rhobi Samwelly, mwanamke wa Mara ambaye mwenyewe alikeketwa akiwa msichana na amelisimulia hilo hadharani. Kazi yake imeonyeshwa katika filamu ya mwaka 2018, In the Name of Your Daughter. Wasichana wengi wanakimbilia huko kila msimu, na wengi baadaye wanarudishwa nyumbani kwa mazungumzo na maandishi ya wazazi kwamba hawatawagusa.

Usidhani utakuwa Mkurya nusu. Ukoo wako unao, lugha unayo, jina ulilopewa na bibi unalo, na litungu likipigwa mabega yako yatacheza yenyewe. Walioacha kurefusha masikio hawakuulizwa kabila.

Fundi, kilemba ukishakipata nitumie picha niione hiyo haradali, tuone kama kweli haikukubali. Na wewe mwanafunzi, pamoja na yeyote mwenye mdogo wake, binamu au mtoto wa jirani ambaye msimu huu anatajwatajwa: namba ya simu kwa ajili ya watoto nchini ni 116, haina gharama, na anayeweza kuipiga si lazima awe yule mtoto mwenyewe. Ipigeni kabla ya Desemba.